Siku arobaini za kwanza za binti anayekuja kusoma Dar

Mama mmoja wa Makambako ameniandikia hivi: "Binti yangu wa kwanza amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu. Bodi ya Mikopo wamempa mkopo, ila haukukamilika. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo, kwa hiyo sina wa kumuuliza. Nimeshamnunulia godoro, blanketi mbili, tranka, ndoo na chupa ya chai. Mjomba wake yuko Mbagala, anasema binti aje akae kwake mpaka amalize. Je, nimkubalie au nimtafutie chumba? Nimpe shilingi ngapi mkononi? Na niende naye, au nimwache aende mwenyewe azoee?"

Hongera sana, dada yangu. Kumfikisha mtoto chuo kikuu, tena wa kwanza katika ukoo, ni kazi kubwa uliyoifanya. Nimekuwa mlezi wa bweni la wasichana hapa Dar kwa miaka 18, na wazazi wenye swali kama lako nimewapokea mlangoni kila mwaka. Nitakujibu yote uliyouliza, ila godoro na blanketi nitaviacha hadi karibu na mwisho. Katika miaka yote hiyo sikumbuki binti aliyeyumba kwa kukosa blanketi. Waliyumba kwa karatasi iliyosahaulika nyumbani, au kwa pesa iliyoisha kabla mkopo haujafika.

Kwetu mwanamke akijifungua hutulizwa ndani siku arobaini. Analishwa, anaogeshwa, anaangaliwa, mpaka mwili urudi. Baada ya hapo anatoka na kushika mambo yake. Basi huo ndio muda ninaoomba umpangie mwanao: siku 40 kuanzia anaposhuka kwenye basi pale Mbezi. Miaka mitatu ataipanga mwenyewe. Siku hizo 40 ndizo zenye usajili, kitanda, saini ya mkopo, ratiba ya vipindi na majaribio ya kwanza ya darasani, na yote humjia kwa pamoja akiwa bado hajui hata daladala ya kupanda.

Nianze na karatasi, nikupe kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Wiki moja ya usajili alikuja baba mmoja na bintiye kutoka mkoani. Bahasha ya kaki aliishika baba kwapani. Foleni alisimama baba. Binti akiulizwa jina, anayejibu ni baba. Siku ile walimaliza meza mbili, na kesho yake alfajiri baba akapanda basi kurudi kwenye shamba lake. Saa nne binti alifika meza ya tatu, akaulizwa fomu ya uchunguzi wa afya. Akafungua mkoba, hamna. Akapiga simu: baba yuko Morogoro, bahasha iko mapajani mwake. Ilirudishwa kesho yake na dereva wa basi. Usiku ule binti alilala kwa mtu asiyemjua vizuri, maana bila kukamilisha usajili hakuweza kupewa kitanda. Nilikaa naye kwenye benchi la nje mpaka jioni. Hakuwa mzembe hata kidogo. Hakuwahi tu kuambiwa ndani ya bahasha kuna nini.

Kwa hiyo leo nenda stesheneri hapo Makambako, mnunulie faili la plastiki lenye mifuko, na alipange yeye mwenyewe wewe ukiangalia. Humo iingie barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga aliyoyachapa kwenye mfumo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti au matokeo ya kidato cha sita, namba ya NIDA, barua ya mkopo, risiti ya kila kilicholipwa, na fomu ya afya iliyojazwa na daktari wa hospitali ya serikali na kugongwa muhuri. Paspoti saizi zisipungue nane, na kabla hajapiga asome rangi ya nyuma inayotakiwa. Kila cheti kiwe na nakala sita. Halafu apige picha ya kila ukurasa kwa simu, ajitumie kwenye barua pepe yake, nawe akutumie. Vyeti halisi visiachwe wazi bwenini hata siku moja. Hapo ndipo kufuli inapohitajika.

Wakati anapanga, linganisha majina herufi kwa herufi. Elizabeth kwa "z" kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa "s" kwenye cheti cha kidato cha nne ni watu wawili machoni pa mfumo. Majina mawili huku na matatu kule, vivyo hivyo. Kama kuna tofauti, nendeni kwa wakili huko huko Njombe mkaape kiapo cha majina sasa hivi, mkiwa hamna haraka. Akaunti ya benki iwe kwa majina yale yale, na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kidole chake mwenyewe. Nimeona mabinti walioandika kwenye fomu namba ya kaka mtu, kaka akabadilisha laini, na kila ujumbe wa mkopo ukapotelea huko. Namba aliyowapa chuo na Bodi asiibadilishe mpaka amalize. Ajue pia kwa kichwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu Bodi humtambua kwa hiyo.

Na jambo la malipo, nikuombe uwe mkali. Ada, bweni na bima hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, benki au kwa simu, na unabaki na ujumbe wa risiti. Mtu akipiga akisema yeye ni wa chuo au wa Bodi, kuna tatizo kwenye jina la binti, tuma elfu 30 kwenye namba hii lirekebishwe, huyo ni mwizi hata kama anayajua majina yake matatu na shule aliyosoma. Msimu wa usajili ndio msimu wao. Kateni simu, aende mwenyewe ofisini akaulize.

Sasa pesa, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea wakiwa na nia njema.

Mkopo wa chakula na malazi, ambao wanafunzi wanauita boom, ulipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Wa mwanao umeniambia haukukamilika, kwa hiyo kaeni na ile barua msome kipengele kwa kipengele: ada amepewa kiasi gani, chakula na malazi kiasi gani, vitabu kiasi gani. Wengine husoma jumla ya chini peke yake, wakaja kushtuka kwamba ada imebaki pengo. Kama pengo ni kubwa, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Afuatilie tangazo lake, aombe akiwa na vielelezo. Muhimu zaidi ni hili: boom haingii siku anayofika. Lazima asajiliwe kwanza, asaini, na orodha ipite. Nimeona walioipata wiki ya pili, na nimeona walioipata wiki ya sita. Wewe panga kana kwamba mwanao ni wa wiki ya sita.

Hesabu yangu ya siku 40, kwa binti anayekaa bweni la chuo na kula kwa kiasi, ni hii. Chakula 6,000 kwa siku, ambayo ni chai na chapati au maandazi asubuhi, wali maharage mchana, na kitu chepesi usiku: 240,000. Nauli weka wastani wa 1,500 kwa siku: 60,000. Bando, nakala na daftari: 50,000. Hiyo ni 350,000. Juu yake weka 60,000 ya dharura. Bweni, ada na bima ni mbali. Bima ya afya ya NHIF kwa wanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka, na nakusihi usiiruke. Vifaa vya kuanzia chumbani navyo ni mbali, nitavitaja.

Ile 350,000 usimpe yote kituo cha basi. Mpe ya wiki ya kwanza, nyingine mtumie kila Jumatatu asubuhi, kama 61,000, na ya kutolea juu. Simwekei mashaka mwanao. Nataka apate mwendo. Mtoto aliyetoka bweni la sekondari hajawahi kushika zaidi ya pesa ya sabuni, halafu siku boom ikija kamili anaweza kupokea 600,000 ya siku 60 kwa mpigo. Akiwa ameshaishi wiki sita kwa kipimo cha Jumatatu, hata laki sita atazikata vipande. Asiyezoea, wiki ya tatu anaanza kuomba vocha. Ile 60,000 ya dharura ikae kwenye simu yako wewe, na dharura mkubaliane mapema ni nini: ugonjwa, kuibiwa simu, malipo ya chuo yaliyotokea ghafla. Viatu vya sherehe ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza havimo.

Kuhusu kaka yako wa Mbagala. Amesema neno la ndugu na anastahili shukrani, lakini binti asikae kwake moja kwa moja. Mbagala iko kusini ya jiji na Mlimani, kampasi kuu ya chuo chake, iko upande wa pili, Ubungo. Kipindi cha saa moja asubuhi kinamtaka aondoke giza, na cha jioni kinamrudisha giza, akipanda magari mawili na kusimama kwenye foleni za Barabara ya Kilwa. Na binti anayekaa nyumbani kwa mjomba, hata mjomba awe mwema vipi, hawezi kukaa na kitabu wakati mama wa nyumba anakoroga ugali. Ataosha vyombo, atabeba mtoto, ndivyo alivyolelewa. Mwambie kaka yako kwa heshima kwamba unamwachia jambo kubwa zaidi ya kitanda: ampokee Mbezi, amlaze siku mbili za kwanza, na awe mtu wa kumkimbilia akiugua. Wikiendi moja kwa mwezi aende akawasalimie.

Kitanda aombe chuoni, kwenye mfumo, siku maombi yanapofunguliwa, na kontroo namba ikitoka ilipwe siku hiyo hiyo. Nafasi isiyolipiwa hupewa mwingine. Ataweza kupangiwa ndani ya kampasi, kwa mfano mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017, au hosteli ya Mabibo iliyo nje ya kampasi. Popote atakapopangwa, achukue. Chumba cha pamoja kina kelele, lakini kwa binti mgeni wa jiji wenzake wa chumbani ndio macho yake. Asije kukubali kubebana, yaani kulala kwa mwenzake kitanda kimoja kwa siri kwa sababu hakupata nafasi. Siku wanapokaguliwa, hufukuzwa wote wawili, naye mwenyeji aliyemhurumia hupoteza kitanda alichokilipia.

Akikosa kabisa, ndipo mtafute geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, na hapo lazima mtu mzima awepo. Sinza, Mwenge, Msewe, Changanyikeni na Makongo ndiko wanakojaa wanafunzi wa Mlimani. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele, na dalali atataka yake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Hakuna kulipa chochote kwa chumba kilichoonekana kwenye picha tu. Kaka yako aingie ndani, afungue bomba aone kama maji yanatoka, aulize mita ya LUKU ni ya chumba hicho peke yake au wanachangia, aangalie kitasa. Halafu atoke nje atazame ukuta wa chini. Chuo hufunguliwa karibu na vuli, na mabonde ya jiji hili hufurika. Ukuta ulioingiwa na maji huacha mstari wa rangi ya udongo ulionyooka, wakati mwingine kwenye usawa wa goti, na rangi mpya ikipakwa juu yake mstari huo bado hujitokeza kama uvimbe. Akiuona, aondoke hata kama kodi ni nusu ya nyingine.

Tuje kwenye vitu ulivyonunua. Godoro libakie nyumbani, wadogo zake walilalie. Kulisafirisha zaidi ya kilomita 600 utalipia mzigo, na likifika utalipia tena bajaji. La futi tatu kwa sita atalipata Manzese, Ubungo au Mwenge siku ileile, na mabweni mengine yana magodoro tayari, kwa hiyo aulize kwanza. Blanketi zote mbili zibaki. Hapa Novemba usiku mtu analala na shuka moja na anaona ni nyingi. Tranka ni zito kupandisha ngazi. Begi moja la magurudumu na mkoba wa mgongoni vinatosha. Sweta moja abaki nalo la ndani ya basi.

Kitu ambacho hukukiandika, nami nakiweka mbele ya vyote, ni chandarua. Njombe ni baridi na malaria ni chache sana, kwa hiyo mwili wa mwanao haujaizoea kabisa. Hapa ipo. Mwambie: homa, kichwa kuuma, maungo kuvunjika, asinywe panadoli akalala akisema ni uchovu wa safari. Aende kupima siku hiyo hiyo. Binti wa nyanda za juu malaria ikimkamata humlaza haraka. Nimewabeba kwenye bajaji usiku zaidi ya mara moja, na wote walikuwa wamekaa siku tatu wakijipa moyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na majibu ni ndani ya nusu saa.

Vingine anunue hapa baada ya kuona chumba: ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya siku maji yanapokatika, kufuli mbili nzuri, ekstensheni, beseni, hanga. Jiko na hita ya kuchemshia maji asinunue kabla ya kusoma sheria za bweni, maana mengi yanakataza. Kompyuta nayo isubiri. Usiuze mahindi kwa bei ya kutupa ili anunue wiki ya kwanza. Mwezi wa mwanzo simu na maabara ya chuo vitamtosha, na akishawajua wenzake wa mwaka wa pili watampeleka duka linalotoa risiti na waranti. Akishapangiwa chumba Mlimani, azoee kufunga dirisha anapotoka. Kuna tumbili pale kilimani na huingia kufuata mkate.

Ukitaka kutuma kitu cha kwenu, mpe parachichi. Chuma ngumu kabisa, fungia kwenye boksi na gazeti, ziive njiani na kwa mjomba. Nusu aziache Mbagala, nusu azipeleke bwenini. Binti anayeingia chumbani akakata parachichi za Njombe akawagawia wenzake, jioni hiyo hiyo anawajua kwa majina.

Kuna jambo moja la kufanya kabla hajaondoka, na una muda. Mkabidhi matumizi ya nyumba wiki mbili. Mboga, mafuta, LUKU, sabuni, yote yapite mkononi mwake, aandike kwenye daftari, na zikiisha kabla ya siku usiongeze, mle kilichopo. Na kuanzia sasa asiamshwe. Shuleni aliamshwa na kengele miaka sita. Chuoni hakuna kengele, na mwalimu hatauliza kwa nini hakuonekana. Koswaku, yaani alama za kazi na majaribio kabla ya mtihani wa mwisho, huchukua 40 katika kila 100 za somo, na majaribio yake huanza wakati mgeni bado anatafuta vyumba vya madarasa. Wengi niliowaona wakipata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza, chanzo kilikuwa wiki hizo, wala akili hawakuwa wamepungukiwa.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, njoo naye, kama nauli ipo. Njooni siku mbili kabla ya wiki ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, kwa basi litakalofika Mbezi kukiwa bado mchana, na kaka yako awe amesimama pale kabla hamjafika, ili wapiga debe wasiwapokee wao. Kesho yake nendeni chuoni wote watatu kwa daladala, msipande bajaji, ili aone njia na vituo. Mtembee kutoka bweni hadi maktaba, hadi zahanati, hadi mahali pa chakula cha bei ya wanafunzi.

Siku ya usajili wewe kaa kwenye kivuli. Foleni asimame yeye, ajibu yeye, akikwama aulize yeye. Ukiona amerudi meza ileile mara mbili, moyo utakuuma utake kuinuka. Mpe dakika kumi kwanza. Jioni mkaribishe chakula, mpange siku ya kupigiana simu, nami napendekeza Jumapili usiku. Na akikupigia wiki ya pili analia anataka kurudi, msikilize mpaka amalize, umuulize amekula nini, usimtumie nauli usiku huo. Wengi wa waliolia Jumapili niliwakuta Jumatano wanacheka kwenye korido.

Kesho yake panda basi la asubuhi. Kabla hujapanda, mwambie afungue faili akutajie kilichomo, mfuko kwa mfuko, wewe ukiwa na mikono mitupu.